Mwenyekiti wa Watu Sita

"Mkubwa wenu nani?" aliuliza mtunza ukumbi, na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu watu wale sita hawakuwa na mkubwa.

Walikuwa wamejipanga mbele ya meza yake Jumanne asubuhi, Dorsaf mbele, wenzake watano nyuma yake wamebeba mabegi yenye kompyuta. Watu hawa hutengeneza programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzitumia bure, kuzifungua aone zilivyoundwa ndani, kuzirekebisha na kumpa jirani yake. Hawalipwi na mtu. Jumamosi walitaka kuwaonyesha watu wa mji wao, Kairouan, kazi zao, na ukumbi walikuwa wameahidiwa tangu wakati wa baridi, ila kwa mdomo tu.

"Hatuna mkubwa," alisema Dorsaf. "Tunaamua pamoja."

"Pamoja ndiye nani? Ana kitambulisho?"

"Namaanisha sote."

"Binti yangu, mimi nataka barua. Chini yake sahihi ya mwenyekiti, juu ya sahihi muhuri. Sote hana muhuri." Mzee akarudi kwenye kahawa yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na miezi minane tu kabla ya kustaafu, na hakutaka kuimaliza kwa barua ya maelezo.

Wakatoka, wakakaa kwenye ngazi za ukumbi kumchagua mwenyekiti. Walikaa saa mbili nzima. Kila aliyetajwa alikataa kwa sababu za msingi, na kwa watu hawa sababu za msingi hazipungui saba. Kanuni yao ilikuwa moja tu: anayetaka jambo lifanyike, alifanye. Mimi kanuni hiyo siichukii, ina heshima yake. Ila mpaka siku ile hakuna aliyetaka kununua waya wa kurefusha umeme, na sasa hakuna aliyetaka uenyekiti. Anouar, kijana mrefu aliyetoka Gafsa na begi la nyaya, alipendekeza jambo hilo lijadiliwe kwa maandishi kwa muda wa wiki mbili. Maonyesho yalikuwa baada ya siku nne.

Dorsaf akaenda nyumbani kula chakula cha mchana.

Baba yake, Si Mongi, yaani Bwana Mongi, alikuwa amefanya kazi nyuma ya dirisha la ofisi ya serikali miaka thelathini na minne, akipokea karatasi za watu na kuwarudisha walete nyingine. Tangu astaafu hakuna aliyemletea karatasi. Alikuwa akisoma maandishi ya nyuma ya makopo ya nyanya, kwa sauti. Mama yake, Beya, alifuma mazulia, na kitanda chake cha mfumi, kile kirefu cha kusimama, kiliegemea ukuta wa chumba kilichotazama ua. Kwa kuwa hakupenda kuacha kazi kwa ajili ya mazungumzo, nusu ya ndoa yao ilikuwa imepita yeye akisema kutoka nyuma ya nyuzi.

"Umepata ukumbi?" Si Mongi aliuliza, akimega mkate.

"Bado, Baba."

"Bado. Na mjomba wako Ridha anataka jibu Jumatatu."

Ridha alikuwa na ofisi ya bima katika mji wa Sousse, na ndani ya ofisi hiyo palikuwa na kiti kitupu cha Dorsaf. Kiti hicho kilikuwa kimezungumzwa mezani pale kwa majuma matatu. Dorsaf alikuwa na shahada ya uhandisi, umri wa miaka ishirini na saba, na mwaka mzima alikuwa ametengeneza programu moja kwa ajili ya wafumaji mazulia, bure. Mkahawani wazee wenzake wakimuuliza Si Mongi binti anafanya nini, alikuwa akijibu kwamba bado anasoma. Jibu hilo lilikuwa limeanza kuchakaa. Wiki iliyopita mmoja alimuuliza, "Anasomea nini, ukadhi wa mbinguni?" na meza nzima ikacheka. Si Mongi alicheka pia, kisha akarudi nyumbani kabla hajamaliza chai.

Ndiyo maana alikuwa ameandika masharti kwenye karatasi na kuyabandika jikoni. La kwanza: Jumamosi waje watu arobaini, watie sahihi daftarini. La pili: wakitimia, Si Mongi mwenyewe atampigia Ridha simu kumwambia hapana, na habari ya Sousse itakuwa imekufa. Wasipotimia, Dorsaf anapanda gari Jumatatu. La tatu: viongozi na wanachama wa chama chao cha kompyuta hawahesabiwi.

"Hilo la tatu ni la kunikomoa," Dorsaf alisema siku yalipobandikwa.

"Nakujua wewe na ujanja wako. Utaniletea wale vijana warefu nihesabu kila mmoja mara mbili."

Sasa Dorsaf alieleza habari ya mwenyekiti na muhuri. Alieleza kwa hasira, akitegemea baba yake atafurahi kwamba mambo yamekwama. Lakini Si Mongi aliweka mkate chini.

"Kwa hiyo mnatakiwa mtu mzima anayejua kuandika barua ya serikali."

Nyuma ya nyuzi chanuo la kukazia mafundo likanyamaza.

"Mongi," alisema Beya. "Kula."

"Mimi nimeuliza tu. Si wamesema anayetaka, afanye?"

Si mara nyingi mtu hushindwa na kanuni yake mwenyewe upesi namna ile. Ukumbi ulikuwa ukihitajika, na baba yake alikuwa amekwisha simama kutafuta kalamu.

*

Muhuri ulichongwa Jumatano kwa fundi wa karibu na lango la mji mkongwe. Ulikuwa wa duara, wenye mwezi na nyota ndogo, na jina la chama limezunguka ukingoni: Marafiki wa Programu Huria, Kairouan. Katikati, kwa herufi kubwa kuliko zote, neno Mwenyekiti. Si Mongi alinunua pia kibweta cha wino wa buluu. Jioni ile kila karatasi ndani ya nyumba ilipigwa muhuri, na bili ya maji, na kifuniko cha boksi la viatu, na paka alinusurika kwa sababu alikimbia.

Mtunza ukumbi alipoiona barua aliisoma mara mbili, akaishika karibu na dirisha na kusema, "Hii sasa ndiyo barua." Dorsaf anakiri kwamba baba yake alipotoka pale alikuwa amerefuka. Miaka mitatu hakuwahi kumwona akitembea hivyo, na alimfurahia, kwa siku moja.

Alhamisi mwenyekiti aliitisha kikao uani. Alikuwa ameandaa ratiba. Kukata utepe. Hotuba ya mwenyekiti, dakika arobaini. Neno la shukrani, la mwenyekiti. Viti vya mbele kwa wageni wa heshima, ambao ni wazee watano wa mkahawani. Kisha, mwishoni, ikiwa muda utabaki, programu.

"Si Mongi," alisema Anouar kwa adabu, "watu watakuja kuona programu."

"Wataiona. Kuna dakika kumi."

"Na wafumaji?" Dorsaf aliuliza. "Baba, programu hii ni ya wanawake wanaofuma majumbani. Hawaji kukaa ukumbini nyuma ya wazee kusikiliza hotuba."

"Watapewa barua za mwaliko. Zenye muhuri."

"Wengi wao hawasomi."

"Basi wataona muhuri."

Wajitoleaji wakatazamana. Walitaka kumwondoa, na hawakujua wamwondoe kwa njia gani, maana hawakuwa na kanuni ya kumwondoa mtu. Kanuni yao ilihusu wanaotaka kufanya, na hapa palikuwa na mtu mmoja aliyetaka kuliko wote. Si Mongi akafunga kikao, akapiga muhuri kumbukumbu, akaenda mkahawani kugawa mialiko.

Beya akatoka chumbani akipangusa manyoya ya sufu kwenye gauni. Akawawekea sinia ya makroudh, vile vitobosha vya semolina na tende ambavyo watu wa mji huu huamini vinatibu kila kitu, akakaa.

"Hebu nielezeni. Katika kazi yenu, mmoja akiharibu na wengine hawakubali, mnafanyaje? Mnapigana?"

"Hatupigani, Mama Beya," alisema Anouar, mdomo umejaa. "Anayechukizwa anachukua nakala ya kazi nzima, anakwenda nayo upande wake, anaiendeleza anavyotaka. Hakuna anayeruhusiwa kumnyima. Watu ndio wanaochagua wafuate ipi."

"Kazi nzima? Hata kama si yeye aliyeianza?"

"Hata kama kaja jana."

"Na yule wa kwanza hakasiriki?"

"Anakasirika sana. Lakini ndiyo sheria."

Beya alitafuna taratibu. "Basi mimi nimechukua nakala ya Jumamosi yenu," alisema. "Yangu itakuwa hapa uani. Wewe mrefu, begi lako hilo lina waya wa kufika mpaka kwenye kitanda changu cha mfumi?"

"Mama," alisema Dorsaf, "Baba atakufa."

"Hafi mtu kwa nakala. Yeye abaki na ya kwake, ina utepe na kila kitu." Akainuka. "Leo ni siku yangu ya hamamu."

Mtu asiyejua hamamu ya wanawake, lile bafu la mvuke la mtaa, siku ya Alhamisi hawezi kujua habari inavyotembea Kairouan. Beya aliingia akiwa na ndoo, sabuni na taarifa moja, kwamba Jumamosi nyumbani kwake kuna kompyuta inayohesabu mafundo kwa sauti, kwamba chai ipo, na kwamba anayekuja avue viatu. Alipotoka, taarifa ilikuwa imefika mbele yake mpaka kwa muuza mboga.

*

Jumamosi Si Mongi alivaa suti ya kijivu aliyostaafia nayo, akatoka saa mbili asubuhi. Anouar alimfuata na projekta begani, kwa sababu alilelewa vizuri na hakutaka mzee aende peke yake.

"Ufunguo," Si Mongi alimwambia mtunza ukumbi.

"Karibu, mwenyekiti. Tia sahihi hapa kuupokea, upige muhuri."

Si Mongi akatia sahihi. Akaingiza mkono mfuko wa kulia wa koti. Akaingiza wa kushoto. Akaingiza wa ndani, kisha akarudi wa kulia kana kwamba ulikuwa umepewa nafasi ya kujirekebisha.

"Nimeusahau nyumbani," alisema. "Lakini sahihi ni yangu, na unanijua."

"Nakujua sana, Si Mongi. Mwaka ule nilipokuletea karatasi za uhamisho wa umeme, ulinijua pia. Tulikuwa tumekula harusi moja wiki iliyotangulia. Ukaniambia nini?"

Si Mongi alikumbuka. Angependa kutokumbuka.

"Uliniambia sahihi bila muhuri ni mchoro," alisema mtunza ukumbi, bila chuki, akamsogezea kiti. "Nenda ulete. Nakungoja."

Ingekuwa mimi ningekwenda. Lakini wazee watano wa mkahawani walikuwa wanakuja na mialiko mikononi, na mwenyekiti hawezi kuonekana akikimbia barabarani kwenda kutafuta kitu nyumbani. Akamtuma Anouar. Anouar akaenda, akapokelewa mlangoni na Beya, akaambiwa muhuri hajauona mtu, na akanyang'anywa projekta kwa kuwa inahitajika. Alirudi mikono mitupu.

Wazee walimkuta Si Mongi amekaa kwenye ngazi, utepe umekunjwa mapajani, mkasi juu yake. Walisimama kidogo wakitazama mlango uliofungwa.

"Ndiyo maonyesho haya?" aliuliza yule wa ukadhi wa mbinguni. "Mazuri. Yana hewa."

Wakarudi kunywa kahawa. Si Mongi aliendelea kukaa. Hotuba yake ilikuwa na kurasa kumi na moja, alikuwa ameiandika upya mara nne, na ndani yake palikuwa na aya nzima kuhusu binti yake ambayo hakuwahi kumsomea mtu. Anouar aliona kwamba mzee analia, akageuka kuzikunja nyaya ambazo zilikuwa zimekwisha kunjwa.

*

Nyumbani viatu vilikuwa vimejaa mpaka barazani. Wanawake walikaa kwenye mikeka uani na chumbani, wengine wamekuja na watoto, wengine na sufu zao ili mikono isikae bure. Daftari lilikuwa juu ya kigoda karibu na mlango. Wanaojua kuandika waliandika majina yao, na wasiojua walichovya gumba kwenye wino wa buluu na kugandamiza.

Projekta ilirusha picha kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Ilikuwa picha ya zulia kuukuu la bibi yake Beya, na pembeni yake programu ilikuwa imeligawa katika miraba midogo, mraba mmoja kwa fundo moja. Katika mpaka wa zulia hilo ndege watatu walifuatana, midomo yote kulia.

"Mfanyabiashara akikupa mchoro, ukimaliza zulia anaudai mchoro wake," alieleza Dorsaf. "Huu hauna wa kuudai. Unapiga picha zulia lolote, la mama yako, la jirani, na programu inakusomea mstari kwa mstari."

"Na jirani akikataa?" aliuliza mmoja.

"Unalipiga picha akiwa hamamu," alijibu mwingine.

Beya na jirani yake Mbarka, bibi wa miaka sabini aliyefuma tangu ana sita, wakakaa mbele ya kitanda cha mfumi kuanza ndege mmoja mdogo, wa mistari kumi na mmoja. Dorsaf akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikatoka kwenye spika: mekundu matatu, jeupe moja, mekundu mawili. Watoto wakacheka. Vidole vya wanawake wawili vikaenda, kufunga, kukata, kufunga, na chanuo likashuka.

"Inahesabu upesi," alisema Mbarka. "Inakimbizwa?"

Dorsaf akaipunguza. Mstari wa tano, wa sita, wa tisa. Wa kumi na moja ulipokwisha, Mbarka aliegemea nyuma, akafinya macho, akatazama zulia, akatazama ukuta.

"Beya," alisema. "Huyu ndege wako anakwenda wapi?"

Kwenye ukuta ndege alitazama kulia. Kwenye nyuzi alitazama kushoto, mkia umewageukia wenzake wa ukutani.

Mwaka mmoja wa kazi, na kitu cha kwanza programu ilichofanya mbele ya watu ni kugeuza ndege. Kisha kicheko kikapasuka, kikaanzia kwa Mbarka na kufika barazani.

"Kamnunia bibi yenu!"

"Kasahau kitu nyumbani."

"Huyo anakwenda Sousse," alisema Mbarka, na Dorsaf akawaka uso mzima, maana hakujua kama mtaa wote una habari. Mtaa wote ulikuwa nayo.

Beya hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyake. "Inasoma mstari kuanzia kushoto," alisema. "Sisi tunaanza kufunga kulia. Dorsaf, hukujua hilo?"

"Sikujua, Mama."

"Umekua hatua tatu kutoka kitanda hiki."

"Kila nilipokisogelea ulinifukuza. Ulisema nenda kasome."

Beya aliliweka chanuo chini. Ilikuwa kweli. Alikuwa amempiga hata kwa kishikio cha chanuo siku moja, mtoto ana miaka minane, kwa sababu alimkuta anafunga fundo na aliogopa mikono ile isije ikaipenda kazi ile, ikafanana na yake. "Basi kosa ni langu," alisema mbele ya wote. "Linatengenezeka, au ndiyo basi?"

"Nipe dakika mbili."

Ukutani picha ikaondoka, yakaja maandishi ya ndani ya programu, yale ambayo wenye makampuni huyafungia. Dorsaf aliyaacha wayaone. Alishuka mstari mpaka mstari, akafika kwenye neno moja, akalibadilisha, akahifadhi. Mbarka alisogea mbele kabisa, mkono kwenye goti.

"Umefanya nini hapo?"

"Nimeiambia ianze kulia."

"Kwa kuwa nimesema mimi?"

"Kwa kuwa umesema wewe."

Mbarka aligeuka kuwatazama wenzake. Miaka sitini na minne wafanyabiashara walikuwa wamempa michoro, na hakuna hata mmoja aliyewahi kubadilisha mraba kwa neno lake. "Sasa iambie," alisema, "iseme kwa sauti ya mtu mzima. Hii ya kwako inahesabu kama inaomba ruhusa." Na wote wakaanza kuagiza kwa pamoja, huyu anataka rangi zitajwe kwa majina ya nyumbani, yule anataka isimame mtoto akilia, mpaka wajitoleaji wakawa wanaandika kwenye mikono.

Ndege wa pili alitazama kulia.

*

Adhuhuri Si Mongi alikohoa barazani, kama desturi, ili walio ndani wavute shela. Alihesabu viatu bila kutaka. Kisha akaingia, koti mkononi, Anouar nyuma yake. Vicheko vikapungua vikaisha.

"Amani iwe kwenu," alisema.

Walimjibu. Mmoja aliinua mkono kumsalimu, na gumba lake lilikuwa la buluu. Wa pembeni yake pia. Si Mongi akazungusha macho uani, akaona gumba moja moja, buluu ileile. Wino ule aliununua mwenyewe. Akamtazama mkewe, na mkewe akatazama sufu.

Akaliendea daftari. Alilipitia kwa kidole kama alivyopitia madaftari ya serikali, bila haraka. Alifika mwisho. Akarudi juu, akapitia tena.

"Thelathini na tisa," alisema.

"Haiwezekani," alisema Beya. "Tumejaa mpaka jikoni."

"Watoto siwahesabu. Wewe nimekuhesabu. Dorsaf na hawa warefu, sharti la tatu."

"Tutamwandika paka," alisema Mbarka. "Nani atamuuliza?"

"Hapana," alisema Dorsaf. Alikuwa amekwisha kukaa chini, magoti kifuani. "Tulikubaliana arobaini. Thelathini na tisa si arobaini." Ndivyo alivyo, hata angekuwa anazama angesahihisha hesabu ya kina. Si Mongi alimtazama, na alijua ukaidi ule umetoka wapi.

Hapo ndipo alipouona ukuta. Ulikuwa umerudishiwa picha ya zulia, na kwenye nyuzi ndege wawili, mmoja amempa mwenzake mgongo.

"Huyu vipi?" aliuliza.

Wakamweleza wote kwa wakati mmoja. Mbarka ndiye aliyeshinda kwa sauti. "Mimi nikasema, na mwanao akageuza. Dakika mbili, Si Mongi. Hakuniambia nilete karatasi."

Pale ofisini kwake miaka thelathini na minne hakuna mtu aliyesema neno kama hilo. Si Mongi aliona aibu, kisha chini ya aibu akaona kitu kingine, na ilimchukua muda kukitambua kuwa ni fahari. Akavuta kigoda kingine, akakaa, akageuza ukurasa mmoja wa hotuba yake upande mtupu, akaandika.

"Unaandika nini?" aliuliza Beya.

Alisoma, kwa sauti ileile ya makopo ya nyanya: "Mimi niliyetia sahihi hapa chini ninajiuzulu uenyekiti na uanachama wa Marafiki wa Programu Huria, Kairouan, kuanzia leo saa saba kasorobo, bila shuruti." Akasita. "Barua ya kujiuzulu huandikiwa mkubwa. Mkubwa wenu nani?"

Wajitoleaji wakatazamana.

"Andika: kwa yeyote anayetaka kuipokea," alisema Anouar.

"Mimi nataka," alisema Mbarka, akanyoosha mkono wa gumba la buluu.

Si Mongi akatia sahihi. Kisha akakaa tu, kalamu hewani, akisubiri. "Sahihi bila muhuri ni mchoro," alisema, bila kumtazama mtu.

Beya akaingiza mkono kwenye kapu la sufu mpaka kiwiko, akautoa muhuri, una nyuzi nyekundu zimeuzunguka, akamwekea juu ya goti. Si Mongi akauondolea nyuzi moja moja. Hakuuliza umefikaje kapuni. Akaupiga, akampa Mbarka barua, akavua viatu, akavibeba mwenyewe mpaka barazani na kuvipanga na vingine. Aliporudi, ameshika kalamu, aliinama juu ya kigoda akaandika jina lake chini ya yale thelathini na tisa, jina tu, bila cheo.

"Arobaini," alisema Dorsaf.

"Niletee simu."

Alimpigia Ridha palepale katikati ya ua, kwa sauti kubwa, kwa sababu alikuwa wa kizazi kinachoamini Sousse ni mbali. Alimwambia kiti kile ampe mtu mwingine. Ridha akauliza kwa nini, kwani binti amepata kazi?

"Amepata."

Kazi gani? Wanawake wote waliacha kutafuna. Si Mongi alitazama ndege wa kwanza, akatazama wa pili.

"Anawageuza ndege," alisema. "Kazi kubwa, Ridha. Kuna watu wamefuma miaka sitini hawajaona mtu wa kuwageuzia. Njoo uone, ila uvue viatu."

Ridha akauliza kama kazi hiyo ina mshahara. Si Mongi akasema simu haisikiki vizuri, akakata.